Ngwe ya Kocha Bona

Benchi letu ni mataruma mawili ya reli yaliyowekwa juu ya matofali, na hapa Manundu hatuulizani yalitoka wapi. Nyuma yake kuna kibanda changu cha viatu, kulia kuna jiko la Asnath na birika lake la kahawa, kushoto kuna ukuta wa chuo cha ufundi. Ng'ambo ya ukuta huo ndipo ulipo uwanja wa mpira wa kikapu, na katika sisi wote hakuna aliyewahi kuutia mguu. Hatuna haja. Mechi tunaisikia vizuri tukiwa tumekaa: makofi yakipigwa, chuo chetu kinaongoza, kukiwa kimya, tumefungwa. Msimu huu mechi zote zimeanza kwa makofi zikaisha kwa kimya, na Jumamosi hii habari ilifika benchini kabla kahawa haijachemka: mkuu wa chuo amesema Kocha Bona akifungwa tena leo na wale wa Handeni, Jumatatu asionekane. Je, abaki au aondoke? Mjadala mzuri kabisa, wa kumaliza alasiri nzima. Tatizo ni kwamba Asnath anayetumiminia kahawa ndiye mke wa Kocha Bona.

Mimi naitwa Fundi Soli, na niseme mapema kwamba siwezi kumvumilia mtu anayekanyaga visigino vya viatu vizima. Kulia kwangu hukaa Mzee Deogratius, tunamwita Mzee Korona. Jina hilo alikuwa nalo miaka mingi kabla ya ugonjwa, maana korona ndiyo mashine inayochuna mkonge kiwandani, na yeye aliisimamia mpaka sikio la kushoto likaacha kazi. Kushoto hukaa Salimu Marudio, dereva wa bajaji, ambaye kila jambo anataka lirudiwe kama goli kwenye televisheni. Kati yangu na Salimu hukaa Castory, tunayemwita Afisa kwa sababu aliwahi kulinda geti la ofisi ya kata na tangu hapo anajua siri zote za serikali.

Sheria ya benchi ni vikombe viwili. Ukimaliza viwili vyako unanyanyuka, unaaga, unakwenda kwenu. Anayebaki amekumbatia kikombe kitupu tunamwita nyapara, yaani msimamizi asiyeshika panga, na hapa kwetu, ambako nusu ya watu ni watoto na wajukuu wa wakata mkonge, hilo si jina la kuchekea.

Salimu ndiye aliyefungua mjadala, kwa sababu hana subira.

SALIMU: Mimi nasema aondoke. Msimu mzima tunapigwa tu, dah. Hata tochi ikififia, si unabadilisha betri?

Asnath alimmiminia nusu kikombe.

SALIMU: Shemeji, mbona nusu?

ASNATH: Betri imeisha.

Tulicheka mpaka Afisa akamwagikiwa. Asnath naye alicheka, lakini mimi nilimwona akigeuka kufuta macho kwa kanga, na haikuwa kwa sababu ya moshi. Kocha Bona akiachishwa, nyumba wanayokaa ni ya chuo, watahama. Watakwenda Dindira, kwa kaka yake Asnath aliyehamia huko, wakachume chai yake. Birika nalo litapanda mlima. Nilipowaza hivyo nilianza kuinywa kahawa yangu kwa kuibania, maana mtu mwingine anayepika kahawa mtaa huu anaitengeneza kama anasuuza sufuria.

AFISA: Tusihukumu kwa jazba. Mimi nimeongea na watu. Sitawataja.

KORONA: Watu gani?

AFISA: Wakubwa.

KORONA: Yule mpishi wa chuo?

AFISA: Mzee, mpishi wa chuo anasikia mengi.

FUNDI: Anasema nini huyo mkubwa wa mboga?

AFISA: Anasema mambo ni mazito.

KORONA: Maharage yake ndiyo mazito. Sikilizeni. Kabla hatujafika mbali tuelewane kitu kimoja. Kocha Bona mseme kwa lolote, lakini ile kazi yake ya ngwe msiiguse.

SALIMU: Hiyo hapana, mzee. Hiyo hata mimi nampa.

AFISA: Pale hana mpinzani mkoa mzima.

Nami nilitikisa kichwa kukubali. Ngwe ni ile sehemu ya kazi anayopewa mtu kwa siku. Baba yake Kocha Bona alikuwa mkata mkonge, na mkata mkonge alipewa ngwe yake asubuhi. Akiimaliza anafuta panga, anakwenda nyumbani, hana deni na mtu. Kocha Bona amechukua utaratibu huohuo akauingiza kwenye mpira wa kikapu. Kabla ya mechi kila mchezaji anapewa ngwe yake. Huyu afunge pointi kumi. Yule adake mipira minane. Yule mwingine amkabe fulani mpaka achukie kuzaliwa. Ukimaliza yako unatoka, unakaa, unakunywa maji, na anaingia mwenzako ambaye bado hajaanza ya kwake. Sisi tuliposikia habari hiyo mara ya kwanza tulipiga makofi hapa hapa benchini. Hatimaye mtu amekumbuka kwamba wachezaji nao ni binadamu.

ASNATH: Wiki iliyopita yule Nkoitiko wetu, yule mrefu wa kutoka Handeni, alimaliza kumi zake hata mapumziko hayajafika! Akavaa shuka lake, akakaa pembeni kama bwana harusi.

KORONA: Safi kabisa! Kijana ana adabu ya kazi.

SALIMU: Na tulikuwa tunaongoza kinoma. Makofi mpaka kioo cha bajaji kinatetemeka.

FUNDI: Halafu kimya.

SALIMU: Halafu kimya. Ndo hapo sasa. Turudie pale. Makofi, makofi, makofi, kimya. Katikati hapo panatokea nini?

Hilo ndilo lililotunyima usingizi msimu mzima. Timu yenye kocha mwenye utaratibu mzuri kiasi hicho, inaongoza vizuri kiasi hicho, inafungwaje? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na leo, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho, hakuna aliyeficha kitu.

SALIMU: Mimi nimefanya utafiti. Baada ya mapumziko timu zinabadilishana vikapu, sawa? Sasa kile kikapu cha upande wa mtoni kiko juu kuliko cha huku.

AFISA: Umepima?

SALIMU: Nilisimama juu ya kiti cha bajaji nikachungulia. Kwa macho haya.

AFISA: Vikapu vya chuo vilipimwa. Nimeambiwa. Vilipimwa kwa kamba.

KORONA: Kamba ya nini?

AFISA: Ya katani.

KORONA: Kavu au iliyolowa?

AFISA: Sasa mzee, hilo mimi nitalijuaje?

KORONA: Basi hawajapima kitu. Kamba ya katani ikilowa inafupika. Wamepima kimoja kiangazi, kingine siku ya mvua. Kijana ana hoja.

FUNDI: Na tukicheza ugenini je? Huko nako kuna kikapu cha mtoni?

SALIMU: Huko nako kuna mto.

FUNDI: Kila uwanja una mto?

SALIMU: Fundi, nchi hii ina mito mingi. Acha ubishi.

Asnath aliridhika na maelezo hayo, akamjazia Salimu nusu iliyobaki. Kosa lilikuwa la mto, si la mumewe. Afisa alipoona kikombe cha mwenzake kimejaa, akasogea mbele.

AFISA: Mimi sikutaka kusema hili hadharani. Tatizo ni upepo wa Lutindi.

KORONA: Umefanya nini?

AFISA: Unatelemka kule juu jioni, saa kumi na moja. Unafika hapa wakati kipindi cha pili kimechanganya. Unasukuma mipira yetu nje. Sasa wapinzani ratiba yake wanayo. Wana mtu Lutindi, anapiga simu.

SALIMU: Anaupigia upepo?

AFISA: Anawapigia wenzake! Anawaambia umeshaondoka. Wao wanajipanga upande unakotoka.

FUNDI: Na wakati upepo unavuma, wao mipira yao haisukumwi?

AFISA: Wao wameshaambiwa, Fundi. Mtu aliyeambiwa si sawa na ambaye hajaambiwa.

Afisa alipata kikombe kilichofurika mpaka sahanini, na kipande cha kashata juu yake. Mzee Korona alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena, kama afanyavyo kila anapotaka kutuangamiza.

KORONA: Nyie watoto mnazunguka. Swali ni moja. Ule mpira ni wa kununuliwa au wa kufugwa?

SALIMU: Mzee, mpira unafugwa?

KORONA: Kila kitu kinachopigwa na mkono mmoja kila siku kinauzoea ule mkono. Mashine yangu akiigusa mtu mwingine ilikuwa inakohoa. Sasa hawa wageni wanakuja na mpira wao wa nyumbani, wameulea tangu ukiwa mdogo. Kipindi cha kwanza wanauficha. Mapumziko wanaubadilisha. Mnacheza na mpira wa watu bila kujua. Mkiutupa kikapuni unazunguka kwenye chuma, unazunguka, unawakumbuka wenyewe, unatoka.

SALIMU: Aisee! Ndiyo maana unazunguka vile! Nilisikia watu wanaguna.

AFISA: Hili inabidi lifike wilayani.

Nilikuwa nimebaki mimi, na sikuwa tayari kushindwa na mpira wa kufugwa.

FUNDI: Nyote mnabahatisha. Mimi nina ushahidi. Raba za timu nzima zinapita mikononi mwangu. Za yule kijana Denis, anayeingia Nkoitiko akitoka, zimekwisha kabisa, nimeweka mpaka kipande cha tairi. Za Nkoitiko mwenyewe, msimu mzima, soli mpya! Haijalika hata kidogo!

SALIMU: Ina maana gani hiyo?

FUNDI: Ina maana Nkoitiko hakanyagi chini. Anaelea.

Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyeshika soli maisha yake yote. Benchi zima likaguna kwa heshima.

AFISA: Sasa kama anaelea, mbona tunafungwa?

FUNDI: Waamuzi wanaona kijana anaelea, roho zinawauma, wanatuonea.

KORONA: Inaingia akilini.

Asnath alinijazia kikombe cha pili kwa mikono miwili. Basi tungekaa hivyo, tumeridhika, Kocha Bona ametoka bila doa, kama Salimu asingekuwa na tabia ya kurudi nyuma.

SALIMU: Ila wazee, tuseme ukweli. Mto, upepo, mpira, waamuzi, sawa. Lakini mkuu wa chuo hatayasikiliza hayo. Atasema kocha hajui kazi. Labda aondoke mwenyewe, kwa heshima, kabla hawajamfukuza.

Asnath aliliweka birika chini. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira tungejua la kufanya.

ASNATH: Salimu, shemeji yangu. Baba mkwe alikuwa anamwambia Bona, mwanangu, maliza chako, toka shambani. Ukikutwa umesimama utapewa na cha mwenzako. Bona hajui kufundisha kwa njia nyingine. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo anavyotulea na sisi nyumbani. Jana usiku hakula. Ananiambia, Asnath, wakisema mimi sijui kazi, basi hata mzee wangu hakuijua. Sasa nimjibu nini?

Salimu aliangalia viatu vyake. Mzee Korona alikohoa.

KORONA: Baba mkwe wako alikuwa sahihi, mwanangu. Mimi baba yangu alibaki siku moja shambani kumsaidia rafiki yake aliyekuwa na homa. Walipomaliza mapema, nyapara akasema, kumbe mna nguvu. Kesho yake ngwe ikaongezwa. Si yao wawili tu. Kambi nzima. Watu walimnunia baba yangu mpaka mvua za masika. Tangu siku hiyo kwetu haikuguswa kazi ya mtu.

Najua ilikuwa siku ya furaha, jua zuri, kahawa nzuri, lakini pale nilimwonea huruma Kocha Bona kama ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nilimchukia hata yule nyapara ambaye alishakufa kabla sijazaliwa.

Ndipo alipotokea mama mmoja wa Kimaasai akitokea upande wa stendi. Alikuwa na shuka la bluu, shanga zilizojaa shingoni, na dumu la maziwa mkononi. Alisimama mbele ya Mzee Korona kwanza.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Habari zenu, baba zangu. Naulizia uwanja wa chuo. Nimetoka Handeni. Mimi ni Nailantei, mama yake Nkoitiko.

Ungeona lile benchi! Salimu alisimama kumpisha, Afisa alipangusa taruma kwa mkono wa shati, mimi nikatoa kigoda changu cha kazi ambacho hakikaliwi na mtu. Asnath alimpa kikombe kilichojaa, akajitaja kuwa ni mke wa kocha, naye mama yule akampa dumu la maziwa, akisema amewaletea walimu wa mwanawe na mke wa mwalimu ni mwalimu. Asnath alicheka kwa mara ya kwanza tangu maneno ya Salimu.

SALIMU: Mama, una kijana! Noma sana!

KORONA: Mama, umelea. Mtoto wako anamaliza kabla ya wote.

NAILANTEI: Anamaliza nini, mzee?

KORONA: Ngwe yake. Anatakiwa kufunga pointi kumi. Anazifunga mapema kabisa.

NAILANTEI: Na mchezo unakwisha?

AFISA: Hapana, mama, mchezo unaendelea.

NAILANTEI: Yeye anakuwa wapi?

AFISA: Amekaa.

NAILANTEI: Ameumia?

ASNATH: Hajaumia, mama. Amemaliza.

Mama Nailantei alikunywa kidogo, akatazama ukuta wa chuo. Ng'ambo ya ukuta vijana walikuwa wameshaanza kupasha misuli, mipira inadunda.

NAILANTEI: Na wenzake wanafungwa?

FUNDI: Wanafungwa, mama. Kuna mambo ya upepo.

NAILANTEI: Naye anatazama?

KORONA: Sasa afanye nini, mama? Kazi yake ameimaliza.

NAILANTEI: Sawa, mzee. Mimi mchezo huu siujui. Kwetu watoto wakitoka kuchunga, hakuna anayesema wa kwangu wameingia bomani, mimi nalala. Kama kuna ndama nje, wote bado wako nje.

KORONA: Hiyo ni mifugo, mama. Huku tunaongelea ngwe.

NAILANTEI: Ndiyo, mzee, nimeelewa. Kumi ni za Nkoitiko. Kudaka ni kwa yule mwingine. Kukaba ni kwa yule mwingine tena. Nilikuwa nauliza tu. Mechi yenyewe ni ngwe ya nani?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hakika jibu liko pale, kwenye ncha ya ulimi, kama msumari ninaoushika kwa meno kila siku. Halikuwepo.

SALIMU: Samahani, mama. Turudie hapo.

NAILANTEI: Mechi yenyewe. Ni ngwe ya nani?

Hata liliporudiwa halikuwa rahisi. Mzee Korona alimgeuzia sikio zima, kisha akamgeuzia lile bovu, labda huko lingeingia vizuri zaidi. Afisa alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Hakukuwa na mkubwa wa kumpigia. Mimi niliziona zile soli mpya za Nkoitiko mbele ya macho yangu na nikaona aibu mpaka masikioni. Anaelea! Mtu mzima mimi, fundi, nilisema anaelea!

Asnath ndiye aliyeamka. Alishika kichwa, akasema, “Jamani, Bona!”, akamkamata mama Nailantei mkono, na wote wawili wakaenda mbio kuelekea geti la chuo, kanga moja inapepea huku, shuka la bluu linapepea kule. Birika lilibaki jikoni. Halijawahi kuachwa peke yake tangu nilijue.

Tulijimiminia wenyewe, kwa haya kidogo. Kikombe cha pili cha kila mtu kilikwisha, na birika likawa tupu. Filimbi ya kuanza ikapulizwa. Kwa sheria yetu tulitakiwa kuaga na kwenda makwetu.

Hakuna aliyeaga.

Makofi yalianza, yakapanda, yakawa yale yale ya kila wiki, mpaka kioo cha bajaji kikatetemeka. Tulikaa tumeshika vikombe vitupu kama manyapara wanne. Mapumziko yakafika, yakapita. Kisha, kama tulivyoogopa, makofi yakaanza kupungua.

AFISA: Upepo umefika.

KORONA: Wewe nyamaza.

Salimu hakuweza kuvumilia. Alipanda juu ya benchi, kutoka kwenye benchi akakanyaga meza yangu ya kazi, akaning'inia kwenye ukuta wa chuo kifua kikiwa ng'ambo na miguu huku kwetu.

FUNDI: Unaona nini?

SALIMU: Nkoitiko amefikisha kumi! Anatoka! Ameshika shuka lake!

KORONA: Na Bona?

SALIMU: Kocha amesimama, anamwangalia tu. Shemeji Asnath yuko pembeni yake anaongea, anaongea. Kocha kashika kichwa. Hajui amwambie nini kijana!

Nilimwelewa. Kumwambia mtu aliyemaliza ngwe yake arudi shambani, hilo neno baba yake hakumfundisha. Palikuwa kimya ng'ambo, kimya chetu kile kile, na mimi nilianza kuiona Dindira, na birika linapanda mlima.

Ndipo tukasikia mluzi. Haukuwa wa mwamuzi. Ulikuwa mrefu, ukashuka, ukapanda tena mwishoni, mluzi wa kurudisha ndama aliyepotea njia, na hata Mzee Korona aliusikia kwa sikio bovu.

SALIMU: Mama yake! Mama yake amesimama katikati ya njia! Anampigia mluzi! Anamwonyesha uwanja kwa fimbo ya mtu!

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

AFISA: Na kijana?

SALIMU: Anacheka! Anatupa shuka! Anarudi! Kocha anamwita na yule mdakaji aliyekuwa ameshakaa! Anawaita wote! Oya, kocha naye anapiga mluzi!

SISI WATATU: Rudia! Rudia!

Salimu Marudio, kwa mara ya kwanza maishani, hakurudia. Alikuwa ametusahau. Tulikuwa tunaiona miguu yake tu ikirusha mateke hewani, viatu vizima vimekanyagwa visigino, na mimi sikusema neno. Tulisikia mpira, tulisikia vishindo, tulisikia watu wanahesabu kwa sauti sekunde za mwisho. Halafu likapanda lile shangwe ambalo hatukuwahi kulisikia wakati huo wa jioni tangu msimu uanze, na Salimu akaanguka kutoka ukutani juu ya meza yangu, akavunja kopo la gundi, akanikumbatia nalo.

SALIMU: Tumeshinda! Kikapu kimoja! Hakuna aliyekaa! Hata wa akiba walikuwa wamesimama, mwanangu!

Tulirukaruka mbele ya kibanda, watu wazima wanne, tumepakana gundi. Afisa alikuwa analia waziwazi na kusema ameingiwa na moshi, wakati jiko lilikuwa limezimika.

Asnath alirudi baada ya muda, kilemba kimepotea, sauti imemkauka. Alishika nguzo ya kibanda changu, akavuta pumzi.

ASNATH: Mkuu wa chuo amempa mkono. Amemwambia Jumatatu awahi.

Hakusema zaidi. Alimwaga machicha ya kahawa, akalisuuza birika, akatafuta mkaa. Kahawa ya pili kwa siku moja! Asnath hajawahi kuipika, na sisi hatujawahi kubaki kuinywa. Lile swali la mama Nailantei mpaka leo hakuna aliyelijibu kwa mdomo, na tumejaribu. Lakini jioni ile Mzee Korona, ambaye hajawahi kugusa kazi ya mtu tangu baba yake anuniwe kambini, alivua kofia, akapiga magoti polepole mbele ya jiko, akaanza kuupepea mkaa kwa ile kofia.

ASNATH: Mzee, acha. Hiyo si ngwe yako.

KORONA: Najua, mwanangu. Lete maji.